Watoto Huja kwa Ploti

Wenzetu wa tawi la Kabiro, huku Kawangware ninakoishi, waliniomba niwaandikie mpango wa shule ya Jumapili kama ule wa kanisa letu la Soweto West, Kibera. Nikawaandikia ukurasa mmoja, mbele na nyuma, kwa mwandiko wangu mzuri. Walifurahi. Lakini katika ukurasa ule hakuna mahali niliposema kwamba mpango wenyewe ulizaliwa kwa sababu nilimfukuza mtoto mlangoni mwa kanisa. Mimi si mtu wa kujisifu nusunusu. Nikijisifu nataka nijisifu kwa yote, na makosa yangu yakiwemo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilizaliwa Kibera, nikaolewa Kabiro, lakini kanisa sikuhama. Kila Jumapili natia viatu vya kanisani kwenye mfuko, navaa raba, na kushika njia kwa miguu mpaka Soweto West. Mume wangu husema ningempenda yeye namna hiyo tungekuwa mbali sana. Namwambia avumilie tu.

Kanisa letu ni la mabati, na ubavuni lina chumba kilichojengwa kwa ajili ya watoto. Chumba kilikuwepo, walimu ndio hawakukaa. Mmoja alipata kazi ya Jumapili, mwingine aliolewa mbali, wa tatu alisema watoto wa Kibera wana kelele sana, utadhani kuna mahali ambapo watoto huzaliwa bila kelele. Mwishowe watoto wakarudishwa kwenye ibada ya wakubwa, wakawa wanalala chini ya mabenchi na kufinywa na mama zao. Kwaya nayo ikaanza kukitamani kile chumba kwa ngoma na spika zake. Siku moja katika mkutano wa kanisa, mwenyekiti wa wazee, mzee mmoja fundi wa mawe ambaye msingi wa kanisa aliuweka kwa mikono yake, akasema chumba kisicho na kazi kipewe wenye kazi.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama, ni hasira iliyoninyanyua. Nilikua chini ya mabenchi yale yale, naijua misumari yake mmoja mmoja. Nilijua pia kwamba kwaya ikiingiza spika, haitazitoa tena.

"Hao watoto nipeni mimi," nikasema.

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Mama, si wewe ni fundi wa nguo? Umesomea hii mambo?"

"Sijasomea. Nitasoma."

"Sawa. Lakini sisi hatutaki maneno mingi. Uko na miezi tatu, mpaka Jumapili ya watoto. Hiyo siku mimi mwenyewe nitauliza watoto maswali. Kama hawajui kitu, kwaya inachukua chumba na watoto wanarudi kwa mama zao. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana, nikaketi.

Rafiki yangu mmoja anayesali kanisa la mtaa wa watu wenye uwezo aliniazima kitabu cha mwongozo. Kilikuwa na picha. Watoto wamekaa kwenye viti vidogo vya rangi, wamepangwa kwa umri, wote wanatazama mbele, hakuna hata mmoja mwenye kamasi. Nilikipenda kitabu kile mpaka nikawa nakiweka chini ya mto. Nikanunua karatasi za manila na kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa: miaka mitatu hadi mitano, sita hadi minane, tisa hadi kumi na miwili. Mama wawili wa kanisa wakakubali kunisaidia. Tukafunga kamba ndani ya chumba, tukatundika mashuka, tukapata madarasa matatu safi. Nilirudi Kabiro nikiimba.

Sasa tazama ujinga wa mtu mwenye kazi yake. Mzazi akija kwangu akasema, "Nishonee sare, ana miaka saba," mimi humjibu, "Lete mtoto nimpime." Najua miaka saba ya mtoto mmoja haiingii kwenye sketi ya mwenzake. Na bado watoto wa kanisa zima niliwakata kwa miaka yao bila kumpima hata mmoja.

Jumapili ya kwanza walikuja hamsini na kitu. Nilisimama mlangoni nikiwagawa, wewe huku, wewe kule. Haikupita robo saa, wadogo wote wanalia wakiwataka dada zao, na wakubwa wote wamesimama wanachungulia juu ya shuka kuona nani analizwa. Katikati ya vurugu ile akafika msichana wa kama miaka kumi. Mgongoni alikuwa amefunga mtoto kwa leso, kando yake kijana mdogo ameshika sketi yake, na nyuma yao msururu wa watoto wengine. Nikamwonyesha pa kwenda, na wadogo nikawaonyesha kwao, na nikamwambia mtoto wa mgongoni ampeleke kwa mama yake.

"Ticha, mathe hayuko. Ameenda kufua."

"Basi mpe mama yeyote huko ndani amshike."

"Hakubali watu. Atalia tu."

Jasho linanitoka, mashuka yanaanguka, watoto wanalia, na mimi nimechoka kabla ya kuanza. Nikamwambia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, "Sasa wewe utasomaje na mtoto mgongoni? Hapa tumekuja kusoma, hatukuja kulea."

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akageuka, na wale wote waliokuwa nyuma yake wakageuka naye. Mimi, kwa akili yangu, nilidhani wengine wameenda haja.

Jumapili ya pili walikuja thelathini. Ya tatu, kumi na tisa. Nikalaumu mvua, nikalaumu mpira wa kwenye vibanda vya video, nikafika mpaka kumlaumu Shetani. Mmoja wa wale mama wasaidizi, mkaazi wa hapo hapo Soweto West, akanicheka wazi wazi.

"Shetani gani? Si wewe ulifukuza yule msichana? Huyo ndiye huleta ploti yao yote. Wamama wakienda vibarua Jumapili, watoto wote wanaachiwa yeye. Na wasichana wa ploti zingine wamesikia. Wanasema Sande skul hawataki watoto wa kubebwa."

Anayejua maisha yetu anajua ploti ni kitu gani. Ni uwanja mmoja, milango kumi au kumi na miwili inayotazamana, kamba za nguo juu, choo kimoja, na watoto wa milango yote wanakula, wanapigana na kulala usingizi wa mchana kwa pamoja. Mtoto wa Kibera haendi mahali peke yake. Huenda na ploti yake, na ploti ina mkubwa wake, na mkubwa huyo mara nyingi ana mtoto mgongoni.

Nililijua hilo. Hapo ndipo paliponiuma. Mimi mwenyewe nilimbeba mdogo wangu mpaka majirani wakanibandika jina la mama mtoto. Nilikosa michezo, nilikosa masomo, nilisimama nje ya milango mingi sana nikisikiliza wenzangu wakiimba ndani. Na nilivyouchukia mzigo ule, siku nilipouona kwenye mgongo wa mtoto mwingine, nilitaka utoke mbele ya macho yangu pamoja na mwenyewe. Niliona aibu. Wiki ile nilishona vibaya, nikamtilia mteja mkono wa kulia upande wa kushoto.

Jumamosi yake nilikuwa na mitandio ya kupeleka Makina, upande mwingine wa Kibera, kwa ajuza mmoja wa Kinubi anayefundisha madrasa kwenye veranda yake. Wote tunamwita Habuba, yaani nyanya kwa Kinubi, hata sisi tusio wajukuu wake. Nilikuwa nimemshonea miaka mingi, lakini siku zote nilikuwa nafika jioni, watoto wameshaondoka. Siku hiyo nikafika mapema.

Nilisimama na mzigo wangu kichwani nikasahau kuutua. Veranda ilijaa watoto, na hakuna mstari hata mmoja. Walikuwa wameketi vikundi vikundi kwenye mikeka, wakubwa na wadogo wamechanganyika, na katika kila kikundi mkubwa anawasikiliza wadogo wake wakisoma. Msichana mmoja alikuwa anafuata herufi kwa kijiti huku mtoto mchanga amelala mapajani pake. Habuba hakuwa anamfundisha mdogo yeyote. Alikuwa anahama na kigoda chake toka mkeka hadi mkeka, akiwasikiliza wale wakubwa tu.

"Habuba," nikamuuliza, "huyo mwenye mtoto, si umwambie ampeleke nyumbani?"

"Kwa nani? Nyumbani nani ako?" Akatua kigoda. "Mimi niko mmoja, watoto ni wengi. Hao wakubwa ndio mikono yangu. Sasa nikifukuza mlezi kwa sababu ya mtoto, si nimejikata mkono? Kaa chini unywe chai."

Nilikunywa chai yake ya tangawizi bila kusikia ladha. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kukata kitambaa upya.

Kutoka Makina sikurudi Kabiro. Niliteremka moja kwa moja Soweto West, nikauliza ploti ya yule msichana, nikamkuta uwanjani anasugua sufuria kwa jivu, mdogo wake ameketi kando yake ndani ya beseni. Nilichuchumaa mbele yake. Mahali petu mtu mzima hamwombi mtoto msamaha, mimi sikuwahi kuombwa wala kusikia mwingine akiombwa, kwa hiyo maneno yalitoka kama ya mgeni.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Niliongea vibaya."

Akaendelea kusugua. "Na huyu?" akauliza, akielekeza kidevu kwa mtoto.

"Na huyo pia. Na ploti yote."

"Si ulisema ni ya kusoma, si ya kulea?"

"Nilisema. Nilikosea."

Akanitazama kama mtu anayepimiwa mafuta ya taa, anaangalia kama kipimo kimejaa. "Tutakaa pamoja?"

"Mtakaa pamoja, mkeka wenu wenyewe."

"Na wakipiga kelele, nani atawanyamazisha?"

"Wewe."

"Ah, hao wananijua," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Karatasi za manila nilizigeuza nikaandika upande wa pili. Hakuna umri. Niliandika ploti, na chini ya kila ploti jina la mkubwa wake. Nilishona mikeka kwa magunia na vipande vya sare vilivyobaki sakafuni kwangu, kila ploti na rangi yake. Mashuka tukayashusha. Na wakubwa je, ningewafundisha lini? Jumapili hakuna nafasi, siku za wiki kuna shule. Nikakumbuka mahali ambapo kila Jumamosi mchana wote huwa wamesimama bila kazi: kwenye foleni ya maji. Bomba likiwa na maji kidogo, foleni ile hukaa saa nzima bila mtungi kusogea. Nikawa nafika, nageuza mtungi mtupu, nakalia, na wakubwa wa mikeka wananizunguka, watoto wao migongoni. Nawasimulia hadithi ya kesho, nawapa mstari wa kukariri na maswali mawili, wananirudishia mpaka inanyooka. Mwuza maji, mtu ambaye sikuwahi kumwona kanisa lolote, baada ya wiki chache akawa anadakia neno mtoto akikwama.

Msidhani mambo yalikwenda kama mafuta kwenye chapati. Ploti mbili ziligombania mkeka mwekundu mpaka ikabidi nishone mwingine. Ploti moja mkubwa wao alikuwa na miaka sita, na alikuwa analia kuliko wadogo, basi mkeka ule nikaukalia mimi mpaka msichana wa ploti jirani alipouchukua. Kulikuwa na Jumapili ambayo mtoto mmoja alijisaidia katikati ya sala na ploti nzima ikatoka nje kwa heshima. Lakini walirudi. Yule msichana alirudi na kumi na mmoja wake, wasichana wa ploti nyingine wakasikia, na mwezi wa pili ulipoisha hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Kwaya walikuwa wakipita mlangoni wananitazama kama niliyewauzia ng'ombe mgonjwa.

Jumapili ya watoto ikafika. Kanisani kwetu kuna mchezo unaojulikana siku hiyo: mwalimu anachagua watano wenye vichwa vyepesi, anawanoa, anawavalisha vizuri, anawaweka mbele, na kanisa linapiga makofi. Mama msaidizi akaninong'oneza tufanye hivyo hivyo, kwani kuna ubaya gani. Nitasema kweli, nilitamani. Chumba kilikuwa kwenye hatari na moyo wangu si wa chuma. Lakini nilimwona yule msichana akiingia na msururu wake, mtoto mgongoni, mkeka chini ya kwapa, nikamwambia mama yule hapana. Wakaketi wote sakafuni, mkeka kwa mkeka, kutoka madhabahuni hadi karibu na mlango.

Mzee akasimama na fimbo yake. "Hao wa mbele siwataki," akasema. "Huu mchezo wenu naujua." Akapita katikati mpaka nyuma kabisa, akamwinamia kijana wa miaka minne. "Wewe. Mstari wa leo."

Kijana hakunitazama mimi. Alimtazama dada yake, dada yake akamwashiria kwa nyusi, na kijana akautoa mstari wote kwa sauti ya mtu anayeuza mitumba Jumamosi. Kanisa likacheka. Mzee hakucheka. Akaenda mkeka mwingine, akachagua kabinti kanakonyonya kidole. Kakatoa kidole, kakasema mstari, kakarudisha kidole. Mkeka wa tatu, wa nne, hivyo hivyo. Ndipo mzee akabadilisha njia.

"Haya, kukariri hata kasuku anaweza. Mnajua hadithi ya kondoo aliyepotea? Huyo mchungaji ako na kondoo wengi. Kwa nini anahangaika na mmoja?"

Swali hilo sikuwapa kwenye foleni ya maji. Kisha yule mdogo mshika sketi, wa mkeka wa msichana wetu, akajibu kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo la wazi.

"Si huyo mmoja ni wa kwao?"

Kanisa lilivuma. Watu walipiga makofi na mabenchi. Mzee alivua miwani akaifuta, akakaa nayo mkononi.

"Nani amewafundisha?" akauliza.

Hapo mimi nikanyoosha gauni langu. Nikaandaa uso wa unyenyekevu, ule mtu anaouvaa akijua anakaribia kusifiwa. Vidole vikainuka kanisa zima. Hakuna hata kimoja kilichonielekea. "Huyu." "Huyu hapa." "Huyu." Kila mkeka unamwonyesha mkubwa wake. Yule msichana alikuwa amezungukwa na vidole kumi na kimoja, akajifunika uso kwa ncha ya leso.

Niliona wivu, lakini wa pumzi moja tu. Halafu ikanipanda furaha ambayo sijawahi kuipata kwa nguo yoyote niliyowahi kushona, nikapiga kigelegele mpaka sauti ikakatika. Miezi mitatu nilikuwa nikiomba watoto wajue kitu, na kumbe kwenye mikeka ile nilikuwa nimepata walimu kumi na wawili.

Mzee aliningoja nimalize. "Mama, hii mpango umetoa wapi?"

Ningeweza kusema nimefunuliwa. Kanisani kwetu watu hufunuliwa mambo madogo kuliko hayo. "Kwa Habuba, Makina," nikasema. "Madrasani kwake. Niliona anavyofanya, nikaiga."

Mtu alikohoa upande wa kwaya. Wengine wakatazama chini. Mzee aliivaa miwani polepole.

"Mimi nimejengea hao watu nyumba miaka mingi," akasema. "Kulea wanajua. Mpelekee salamu za kanisa." Kisha akageukia kwaya. "Chumba ni cha watoto. Nyinyi tafuteni pahali."

Vigelegele vikalipuka tena, na mimi nikakaa chini nikalia bila kujificha. Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Alirudi mpaka kwenye mkeka wa yule msichana. Mtu lazima amjue mzee huyu aelewe nilichosikia. Wahubiri wageni wenye vyeti vyao huwaita ndugu. Mke wa pasta humwita mama, basi. Neno mwalimu sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

"Mwalimu," akamwambia, "asante. Sasa keti tuombe."

Mlangoni alikuwa amesimama mama yake msichana, ametoka kufua moja kwa moja, mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni. Alikuwa amefika wakati wa vidole. Nilimwona akishika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili.

Msichana aliketi. Akakaza leso, akamweka mtoto sawa, akawageukia kumi na mmoja wake.

"Mmesikia? Fungeni macho. Na hakuna mtu kusema amina kabla mzee amalize."

Wakafumba macho wote, na mimi nikafumba yangu.